Mada ya 9: Kusoma Misimbo ya Hitilafu za Umeme kwenye Mitambo Midogo ya Ujenzi

Kabla ya kuanza, hakikisha unakumbuka: Sheria ya Ohm (V = IR), ukinzani wa mfuatano na wa sambamba, na nguvu ya umeme (P = IV).

9.1 Utangulizi

Kijiko kidogo kinachochimba mtaro wa bomba la maji kina injini ya dizeli, pampu ya haidroliki na betri ya 12 V. Vijiko vingi vya siku hizi vina pia kompyuta inayopokea taarifa kutoka kwa vihisi. Kompyuta ikiona jambo lisilo la kawaida huwasha taa ya onyo na kuandika msimbo kwenye kioo, kwa mfano SPN 110 FMI 3.

Fundi mwenye haraka husoma kwamba SPN 110 ni joto la maji ya injini. Ananunua kihisi kipya, anakifunga, na msimbo unabaki palepale. Fedha imekwenda, mtaro haujachimbwa na vibarua wamekaa.

Shika kanuni hii, kwa sababu mada yote inaisimamia: msimbo hautaji kifaa kilichoharibika. Unataja saketi ambayo kompyuta imeona volteji au mkondo usio wa kawaida. Kujua kama tatizo ni kihisi, waya, plagi au kompyuta yenyewe ni kazi ya multimita na Sheria ya Ohm.

9.2 Sehemu mbili za msimbo

Mitambo mingi hutumia utaratibu wa J1939 uliowekwa na SAE, chama cha wahandisi cha Marekani. Msimbo wake una sehemu kuu mbili:

(a) SPN ni namba ya kitu kinachopimwa. SPN 100 ni presha ya oili ya injini, SPN 110 ni joto la maji ya injini, na SPN 168 ni volteji ya betri.

(b) FMI ni namba ya aina ya hitilafu. Nne zinazohusu umeme moja kwa moja ni hizi:

- FMI 3: volteji iko juu ya kiwango.
- FMI 4: volteji iko chini ya kiwango.
- FMI 5: mkondo uko chini ya kiwango, au saketi iko wazi.
- FMI 6: mkondo uko juu ya kiwango, au waya umepiga shoti kwenye bodi.

Kwa kawaida FMI 3 na 4 huonekana kwenye vihisi, ambako kompyuta inasoma volteji. FMI 5 na 6 huonekana kwenye vifaa ambavyo kompyuta inavipelekea mkondo, kama koili za solenoidi zinazofungua vali za haidroliki.

9.3 Kwa nini waya uliokatika huonyesha volteji ya juu?

Hapa ndipo watahiniwa wengi wanapoteleza. Kihisi cha joto ni themista: kinzani ambayo ukinzani wake hupungua joto linapopanda. Ndani ya kompyuta kuna kinzani nyingine isiyobadilika. Hizi mbili zimeunganishwa kwa mfuatano na kupewa 5 V. Kompyuta husoma volteji iliyo kwenye kihisi:

V = 5 × Rk ÷ (R + Rk)

ambapo Rk ni ukinzani wa kihisi na R ni ukinzani wa ndani ya kompyuta.

*Mfano wa 1.* Tuchukulie R = 2,000 Ω. Tafuta volteji ya kihisi (i) injini ikiwa baridi, Rk = 2,000 Ω; (ii) injini ikiwa na joto, Rk = 300 Ω; (iii) waya ukikatika; (iv) waya wa ishara ukigusa bodi.

*Njia:*
(i) V = 5 × 2,000 ÷ 4,000 = 2.5 V
(ii) V = 5 × 300 ÷ 2,300 = 0.65 V
(iii) Waya ukikatika hakuna mkondo. Hakuna volteji inayopotea kwenye R, kwa hiyo kompyuta inasoma 5 V zote. Msimbo ni FMI 3.
(iv) Waya ukigusa bodi, Rk ni kama 0 Ω, kwa hiyo V = 0 V. Msimbo ni FMI 4.

Angalia vizuri jibu la (iii). SPN 110 FMI 3 haimaanishi kwamba injini imechemka, wala kwamba betri imechajiwa kupita kiasi. Inamaanisha kompyuta inaona volteji ya juu kwenye saketi ya kihisi, na sababu ya kwanza ya kuchunguza ni saketi iliyo wazi.

9.4 Hatua za uchunguzi

*Hatua ya 1: Usalama.* Egesha mtambo mahali tambarare, shusha ndoo hadi ardhini, zima injini na toa ufunguo. Mkono wa kijiko ulioachwa juu unaweza kushuka wakati fundi yuko chini yake.

*Hatua ya 2: Andika misimbo yote kabla ya kuifuta.* Misimbo mingi iliyotokea kwa pamoja mara nyingi ina chanzo kimoja, kama betri dhaifu au waya mbovu wa bodi.

*Hatua ya 3: Pima betri.* Betri ya 12 V iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.6 V. Injini ikiunguruma, alteneta ikiwa nzima, husoma karibu 14 V.

*Hatua ya 4: Kagua kwa macho.* Mtambo wa ujenzi hutikisika na kuingia matope na maji. Tazama plagi zenye kutu ya kijani, pini zilizopinda, na waya zilizosuguliwa na chuma.

*Hatua ya 5: Pima saketi iliyotajwa.* Kwa kihisi cha joto chenye waya mbili, chomoa plagi, washa swichi bila kuwasha injini, kisha pima volteji kati ya pini mbili za plagi ya upande wa waya:

- Ukipata 5 V, kompyuta inatoa volteji na waya hazijakatika. Zima swichi, kisha pima ukinzani wa kihisi.
- Ukipata 0 V na msimbo ni FMI 3, waya mmoja umekatika.
- Ukipata 0 V na msimbo unabaki FMI 4 hata baada ya kuchomoa kihisi, waya wa ishara umegusa bodi.
- Ukipata 12 V, waya wa ishara umegusa waya wa betri.

Unaona kwamba 0 V peke yake haitoshi kutoa jibu. Msimbo na kipimo husaidiana: kimoja bila kingine ni kubahatisha.

9.5 Ukinzani mdogo, hasara kubwa

*Mfano wa 2.* Stata inavuta mkondo wa 200 A. Kiungo cha waya wa bodi kina kutu, na ukinzani wake ni 0.01 Ω. Tafuta volteji inayopotea kwenye kiungo hicho na nguvu inayogeuka joto.

*Njia:* V = IR = 200 × 0.01 = 2 V
P = IV = 200 × 2 = 400 W

Multimita ya kawaida haiwezi kupima 0.01 Ω kwa uhakika. Itaonyesha karibu sifuri, na fundi atasema waya ni mzima. Ndiyo maana kiungo cha namna hii hupimwa kwa volteji wakati stata inazunguka, multimita ikiwa imewekwa kati ya nguzo hasi ya betri na bodi ya injini. 2 V zikipotea hapo, kompyuta inaweza kukosa volteji ya kutosha na kutoa misimbo ya vifaa visivyo na kosa lolote.

9.6 Waya za mawasiliano

Kompyuta za mtambo huzungumza kupitia jozi ya waya zilizosokotwa. Kila mwisho wa jozi hiyo una kinzani ya 120 Ω, na hizo mbili ziko sambamba:

1/R = 1/120 + 1/120 = 2/120, kwa hiyo R = 60 Ω

Betri ikiwa imetenganishwa, pima kati ya waya hizo mbili. 60 Ω ni sawa. 120 Ω inaonyesha kinzani moja haifikiwi. Karibu 0 Ω inaonyesha waya zimegusana.

9.7 Makosa ya kuepuka kwenye mtihani

1. Kuandika "badilisha kihisi" bila kutaja kipimo kinachothibitisha.
2. Kupima ukinzani wakati saketi ina umeme.
3. Kudhani kila saketi iliyo wazi hutoa FMI 5. Kwenye kihisi cha joto hutoa FMI 3.
4. Kuacha kipimo bila kizio chake: V, A, Ω au W.

Zoezi la 9

1. Mtambo unaonyesha SPN 110 FMI 4. Fundi anachomoa kihisi, na msimbo unabadilika kuwa FMI 3. Hitilafu iko wapi? Toa sababu.
2. Koili ya solenoidi ina ukinzani wa 8 Ω na hupewa 12 V. (a) Tafuta mkondo wake wa kawaida. (b) Waya wake ukikatika, utatarajia FMI ipi?
3. Kwenye waya za mawasiliano fundi amepima 120 Ω. Eleza maana yake.
4. Wakati stata inavuta 150 A, volteji ya 1.5 V inapotea kwenye waya wa bodi. Tafuta ukinzani wa waya huo na nguvu inayopotea.

Majibu

1. Hitilafu iko ndani ya kihisi: kimepiga shoti. Kilipochomolewa saketi ilifunguka na volteji ikapanda hadi 5 V, kwa hiyo waya wa ishara haujagusa bodi na kompyuta inasoma vizuri.
2. (a) I = V/R = 12 ÷ 8 = 1.5 A. (b) FMI 5, kwa kuwa mkondo umekuwa 0 A.
3. Kinzani moja tu ndiyo inayopimika. Nyingine imeungua, haijafungwa, au waya wa kuifikia umekatika.
4. R = V/I = 1.5 ÷ 150 = 0.01 Ω. P = IV = 150 × 1.5 = 225 W.

Ukikosa swali la 1, rudi kwenye Mfano wa 1 na uchore saketi yake kwa mkono wako kabla ya kuendelea na Mada ya 10.