Jaketi Nililolikalia

Nimezaliwa Nansio, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, nikakulia kwenye mitumbwi ya dagaa. Ndiyo maana mwezi Mei mmoja, nilipokwenda na rafiki yangu kupiga kafi katika hifadhi ya jimbo ya Itasca, kaskazini mwa Minnesota ninakoishi sasa, sikuona la kuniogopesha. Itasca ndiyo kongwe kati ya hifadhi za jimbo hilo, tangu mwaka 1891, na ziwa lake ndilo chanzo cha mto Mississippi. Pale mto unapotoka ziwani, watoto huuvuka kwa kukanyaga mawe.

Asubuhi hiyo ziwa lilikuwa limelala kama maji ya mtungini. Tulikodi mtumbwi, tukapewa makafi mawili na majaketi okozi mawili. Rafiki yangu alivaa lake. Mimi langu nililikalia, maana ubao ulikuwa mgumu. Baada ya nusu saa nikasimama nimpige picha ndege mweusi mwenye madoa meupe aliyeibuka karibu yetu. Mtumbwi ukapinduka.

1. Baridi hushambulia pumzi kwanza

Ziwa la kwetu ni la vuguvugu. Anayeanguka humo hupigana na mawimbi, huchoka, ndipo huzama. Itasca mwezi Mei ni habari nyingine, kwa sababu barafu huwa imeyeyuka majuma machache tu nyuma. Nilipozama kifua kilibana, nikavuta pumzi bila kupenda, nikavuta maji. Najua kuogelea tangu nikiwa na miaka sita, na ujuzi wote huo haukunifaa kitu.

Baadaye nilisoma maelezo ya Gordon Giesbrecht, profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi ili ajue kinachotokea mwilini. Anafundisha kwa tarakimu tatu: 1, 10, 1. Una dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 hivi ambazo mikono na miguu bado inakutii, na saa 1 kabla ubaridi wa mwili haujakupotezea fahamu. Nilikuwa nikidhani baridi huua polepole. Kumbe wengi hufa maji mapema, mwili wenyewe ukiwa bado haujapoa, kwa sababu wamekosa pumzi au viungo vimegoma. Jaketi hukubebea kichwa katika dakika ile ya kwanza. Langu lilikuwa likielea hatua tano kutoka nilipokuwa.

2. Jaketi halivaliki majini

Nililifikia. Nikaingiza mkono mmoja, wa pili ukakataa, na vidole havikuweza kufunga kifungo. Likawa kitu cha kukumbatia tu.

Mwaka 2023 watu 564 walikufa Marekani katika ajali za vyombo vya starehe majini, kwa hesabu ya Walinzi wa Pwani wa nchi hiyo. Kati ya waliokufa maji, ambao ilijulikana kama walivaa jaketi au la, asilimia 87 hawakuwa wamevaa. Sheria ya Minnesota inataka chombo kiwe na jaketi la kila abiria, lakini kwenye mtumbwi kama ule wanaolazimishwa kulivaa chombo kinapokwenda ni watoto wa chini ya miaka 10. Naiona sheria hiyo ni pungufu. Sisi watu wazima tunaisoma kama ruhusa.

Na kuvaa kuna namna yake. Soma lebo uone kama uzito wako umo, kaza mikanda yote, kisha mwambie mwenzako alivute juu mabegani. Likipanda hadi masikioni, omba jingine.

3. Usiuache mtumbwi

Ufuko ulionekana karibu na nilitaka kuogelea hadi huko. Rafiki yangu akanipigia kelele nishike mtumbwi. Tuliushika huku na huku, tukapiga mateke hadi miguu ikagusa mchanga. Mtumbwi uliopinduka bado unaelea, tena huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Baba alinifundisha hivyo utotoni, nikasahau siku niliyohitaji kukumbuka.

4. Ukaribu wa nchi kavu si kinga

Kule kwetu, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora kwenda Ukara, kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache kufika gati la Bwisya. Kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220, na baadhi yao nilisoma nao. Kwa miaka mingi nimeulilia msiba ule na kulaani mizigo na msongamano wa siku ile. Nilikuwa na haki ya kulaani. Lakini pale Itasca, nikitetemeka ndani ya blanketi, niliona kuwa mimi nilipewa jaketi, zima, la saizi yangu, bila kulipia zaidi, kitu ambacho wenzangu wengi kivukoni hawakuwa nacho mwilini. Nikalifanya mto wa kukalia. Jambo hilo bado linaniuma.

5. Mwache mtu nchi kavu anayejua

Mwambie unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Usitegemee simu; yangu ilizama nami.

Desemba iliyofuata nilirudi Ukerewe na majaketi mawili sandukuni. Kaka yangu bado anavua, na sababu zake za kutovaa nazijua: joto, na hofu ya kunaswa na nyavu. Sikubishana naye. Nilimsimulia tu, nikamwonyesha lile jembamba lenye mapengo mapana ya mikono.

"Sasa mdogo wangu, na hili mtu anavutaje nyavu?" aliuliza.

Akalivaa. Akashika wavu uliokuwa umeanikwa uani, akauvuta mara tatu kwa nguvu, kisha akamgeukia mkewe amkazie mkanda wa ubavuni.