Uyoga wa Nyanda za Juu Kusini: Mboga, Dawa na Tahadhari

Mvua za masika zikikolea, misitu ya miombo ya Iringa na Mbeya hujaa uyoga, na akina mama hudamka kuuwahi kabla haujaingia funza. Wisogolo, kama Wahehe na Wabena wanavyouita ule wa rangi ya machungwa, huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti ya asili. Msitu ukifyekwa, nao hupotea. Uyoga wa kichuguu hulimwa na mchwa wenyewe. Ukiufukua taratibu, shina lake huonekana likishuka ardhini kama mzizi mrefu hadi kwenye kiota chao.

Uyoga mbichi karibu asilimia 90 ni maji. Hata hivyo gramu 100 za mamama, ule unaooteshwa nyumbani kwenye mabua ya mahindi, zina takriban gramu 3.3 za protini, mafuta yasiyofika nusu gramu, madini ya potasiamu na vitamini za kundi B. Ukikatwa vipande na kuanikwa juani, mwanga hutengeneza vitamini D ndani yake. Upikwe uive vizuri: kuta za chembe zake ni ngumu, na tumbo haliziwezi zikiwa mbichi.

Lishe ya namna hii ni jambo zito kwa Iringa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto karibu 57 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango kikubwa kuliko mkoa wowote nchini, katika mkoa unaovuna mahindi kwa wingi. Ugali mtupu haumkuzi mtoto. Uyoga uliopikwa kwa karanga huongeza ubora wa sahani yake, lakini hauchukui nafasi ya yai, maziwa, maharage au dagaa.

Na dawa je? Uyoga una nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani, zinazochunguzwa kwa uwezo wake wa kuamsha kinga ya mwili. Nchini Japani, lentinani inayotolewa kwenye uyoga wa shiitake iliidhinishwa miaka ya 1980 kutumika pamoja na tiba ya saratani ya tumbo. Lakini hiyo ni sindano ya hospitali iliyosafishwa na kupimwa. Bakuli la uyoga humfaa mwenye kisukari au presha kama chakula. Asiache vidonge vyake kwa sababu ya unga wa uyoga aliouziwa stendi.

Hatari kubwa ipo kwenye kufananisha. Uko uyoga wa sumu wenye kofia nyeupe na magamba ya kahawia, unaodhaniwa kuwa wa kichuguu; ukikomaa, mikunjo ya chini ya kofia yake huwa ya kijani. Kuliwa na konokono si ushahidi wa usalama, wala kuchemshwa na kitunguu. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania, unaolika na wenye madhara. Bado wachumaji wazoefu wa kijijini ndio walimu wa karibu zaidi.

Sumu kali zaidi hukawia saa 6 hadi 24 kabla ya kuleta kutapika na kuharisha. Kisha mgonjwa hupata nafuu ya uongo huku ini likiharibika. Mwahishe hospitali hata akisema amepona, na beba mabaki ya uyoga alioula.