Niliunguza karai zima nikiwa nimesimama palepale

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nauza maandazi Mbagala. Miezi mitatu iliyopita nilichukua mkopo wa kausha damu, mume wangu hajui. Rejesho ni kila siku, niuze nisiuze. Saa tisa usiku nashtuka, silali tena mpaka adhana ya alfajiri. Juzi niliunguza karai zima nikiwa nimesimama palepale. Mama mkwe ananiona nimenyong'onyea, anasema nijikaze. Nifanyeje nipate moyo mgumu?
Mama Maandazi

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye hilo karai. Mafuta yanafuka moshi, maandazi yanageuka meusi, na wewe umeshika kijiko unatazama usione. Huo si uzembe. Akili yako ilikuwa kwa mkopeshaji.

Moyo mgumu unao tayari. Umekanda unga, umecheka na wateja, umelipa rejesho, umerudi nyumbani ukanyamaza, miezi mitatu mfululizo. Kunyamaza huko ndiko kunakokumaliza.

Nikupeleke Harare kidogo. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu. Haya tunayoyaita mawazo, Washona wanayaita kufungisisa. Bibi anakuacha umwage yote, halafu anakwambia uchague tatizo moja tu, mtafute hatua ndogo, uende ukaifanye, urudi kumweleza. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita, waliopita kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ninachokipenda ni kwamba bibi wale hawamwambii mtu ajikaze.

Wewe chagua deni. Chukua daftari, andika ulichokopa, ulicholipa, kilichobaki. Usikope pengine ili ulipie hapo. Omba mkataba wako uusome, na umuulize mkopeshaji leseni yake: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo.

Kisha mwambie mumeo. Usimvamie usiku akiwa amechoka. Subiri siku ya mapumziko, mmeshakula, umwoneshe ukurasa huo na umwambie, "Baba, hili linaninyima usingizi." Atakasirika, pengine sana. Lakini kama unaogopa mkono wake, usimweleze mkiwa wawili. Anza na mtu mzima wa kwenu anayemheshimu.

Ukishtuka usiku, usibaki kitandani ukipigana na usingizi. Amka, kaa pembeni, andika kinachokusumbua, urudi ukisinzia. Simu iache.

Dua endelea nayo, na hospitali nenda pia. Mtu akikosa raha au hamu ya mambo yake karibu kila siku kwa wiki mbili, anapaswa kuonwa na mtaalamu. Wewe una miezi mitatu. Nenda wiki hii, waeleze usingizi na hilo karai. Na likikujia wazo la kufa, usingoje kuche. Mwamshe mtu saa hiyohiyo.

Kesho ukimaliza kuuza, kabla hujaosha karai, andika ukurasa huo. Halafu niandikie tena, nitakuwa naingoja barua yako.