Usilale na jiko la mkaa

Ndugu msomaji wa Shume, baridi ya kipupwe unaijua. Juni na Julai ukungu hushuka mpaka mlangoni. Jioni jiko la mkaa huingizwa chumbani, watoto wakaota moto. Kisha mlango hufungwa, dirisha huzibwa kwa gunia, na wote hulala.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani wala hainuki. Watu husema, "Mkaa umeshika vizuri, hauna moshi, basi hauna hatari." Sivyo. Moshi huwasha macho, nawe ukatoka nje. Sumu hii haikuamshi.

Je, huuaje? Damu huchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini. Sumu hii hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Oksijeni hukosa nafasi. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, hulegea. Aliyelala huenda asiamke.

Ubongo huumia upesi. Uzito wake ni kama sehemu 2 tu katika 100 za mwili, lakini hutumia kama sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote. Ukiikosa kabisa kwa dakika chache, huanza kufa. Na ubongo uliokufa hauoti tena kama kucha.

Zamani daktari hakuweza kuliona jeraha hilo mtu akiwa hai. Mwaka 1971, huko Uingereza, mashine ya Godfrey Hounsfield ilipiga picha ya ndani ya kichwa cha mgonjwa wa kwanza. Leo mashine za namna hiyo zipo hata Muhimbili. Aliyevuta sumu ya mkaa mara nyingi huonekana na madoa mawili ndani ya ubongo, kulia na kushoto, mahali panapoongoza mwendo wa mwili. Ndiyo sababu wengine hutembea kwa shida.

Tena picha ya kwanza huweza kuwa safi. Mgonjwa hurudi nyumbani, na baada ya wiki mbili au tatu huanza kusahau na kujikojolea. Jamaa hudhani amerogwa! Mrudisheni hospitali, na habari ya jiko msiifiche.

Ukimkuta mtu amezimia chumbani, fungua mlango na madirisha, mtoe nje haraka, nawe usikawie ndani. Asiyepumua apuliziwe pumzi mdomoni. Maziwa hayaondoi sumu hii. Anahitaji oksijeni ya hospitali.

Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama limebaki makaa machache chini ya majivu.