SOMO LA WIKI: Barabara ya serikali, nauli ya makampuni

MFANYABIASHARA anayenunua mahindi Handeni na kuyauza Korogwe siku hizi hulipa na kulipwa kwa simu. Yeye ana M-Pesa, mkulima ana Airtel Money. Nani anavusha fedha hizo?

Mwanzoni makampuni yaliunganishwa kwa mikataba yao wenyewe, iliyoanza mwaka 2014. Vodacom ilijiunga mwaka 2016. Baadaye Benki Kuu ilijenga TIPS, mfumo mmoja wa malipo ya papo kwa papo kati ya mabenki na makampuni ya simu, uliozinduliwa rasmi mwaka 2024.

Hata hivyo, TIPS haina mawakala mitaani. Mteja bado hukatwa na kampuni yake.

Tuseme faida ya gunia ni Sh. 3,000. Magunia 20 yanaleta Sh. 60,000. Makato ya kutuma na kutoa yakifika Sh. 12,000, sehemu moja ya tano ya faida imekwisha kwenda.

Fedha isiyotolewa taslimu haikatwi ada ya kutoa. Anayelipwa kwa simu na amlipe mwenye lori kwa simu, na makato ayahesabu kabla ya kupatana bei.