Unatumia Dawa ya Presha? Sema Kabla Hujauziwa Dawa ya Maumivu

Mtu anaingia duka la dawa muhimu, anaomba "dawa ya mgongo". Muuzaji anamkatia vidonge kumi vya diclofenac na kumwelekeza: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula. Hakuna aliyetaja presha. Kijitabu hiki ni chako wewe unayemeza dawa ya presha kila siku, na cha mwanao anayetumwa dukani kukununulia dawa.

Dawa tunazozisema

Ni dawa za maumivu zinazotuliza uvimbe: diclofenac, ibuprofen (wengi huiita Brufen), naproxen, indomethacin, piroxicam na meloxicam. Baadhi huchanganywa na dawa nyingine ndani ya kidonge kimoja, kwa hiyo usiishie kwenye jina kubwa la boksi. Soma maandishi madogo yanayotaja kilichomo. Sindano ya diclofenac ni dawa ileile.

Kinachotokea mwilini

Mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo huchangia maumivu na uvimbe, lakini pia husaidia kutanua mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Diclofenac haichagui: inapozizuia kwenye goti, inazizuia na kwenye figo. Figo hubakiza chumvi na maji, miguu inavimba, presha inapanda. Kliniki wanaona dawa ya presha haifanyi kazi, wanaongeza nyingine, kumbe chanzo ni vidonge vya mgongo ambavyo mgonjwa hakuvitaja kwa sababu haoni kama vinahusika.

Hatari ni kubwa zaidi kwa anayetumia enalapril, lisinopril, captopril au losartan pamoja na dawa ya kupunguza maji, kama hydrochlorothiazide au furosemide. Angalia boksi la Losartan H. Herufi H ni hydrochlorothiazide. Mama anayemeza kidonge hicho kimoja asubuhi tayari ana dawa mbili. Akiongeza diclofenac, zimekuwa tatu. Losartan inalegeza mshipa unaotoa damu kwenye vichujio vya figo, H inapunguza maji mwilini, diclofenac inabana mshipa unaoingiza damu. Msukumo wa kuchuja damu unaporomoka, na figo zinaweza kushindwa kazi ghafla.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha watu 487,372 wanaotumia dawa za presha, ulionyesha kuwa mchanganyiko wa aina tatu uliongeza hatari hiyo kwa asilimia 31 kuliko mchanganyiko wa dawa mbili za presha peke yake. Katika siku 30 za mwanzo ongezeko lilifika asilimia 82. Kwa hiyo usijifariji kwamba umemeza siku chache tu. Ukiwa unaharisha, unatapika, au umeshinda juani bila maji, figo zinakuwa dhaifu zaidi.

Amlodipine, nayo dawa ya presha, haigongani sana na dawa hizi za maumivu. Hata hivyo, dawa hizi zenyewe huongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, hivyo anayetumia amlodipine naye aulize kwanza.

Ufanye nini

Sema mwenyewe, hata usipoulizwa: "Natumia dawa ya presha, inaitwa hivi." Usipokumbuka jina, nenda na boksi. Usiache dawa ya presha ili umeze ya maumivu.

Kwa maumivu ya siku chache, paracetamol ndiyo salama zaidi kwa wengi: kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Si ya kumeza kila siku kwa miezi, maana kiwango hicho cha juu kikiendelea nacho hupandisha presha. Epuka ile inayotoa povu kwenye maji. Ina sodiamu nyingi. Goti linalouma kila mwezi linahitaji kuchunguzwa, si kukatiwa vidonge vingine.

Aspirini ndogo ya miligramu 75 uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache bila kumuuliza daktari.

Kama umeshachanganya na mkojo umepungua, uso au miguu imevimba, au unakosa pumzi, acha dawa ya maumivu na nenda hospitali siku hiyohiyo. Chukua vidonge vyote unavyotumia, na uombe kupimwa presha, na damu ili kuangalia figo.