Hesabu ya Majalada: Mzigo wa Afisa Ustawi wa Jamii na Hatima ya Mtoto

Mwalimu wa shule katika kata ya Msamala, Manispaa ya Songea, anapomwona mwanafunzi wake akisinzia kila asubuhi, akija bila kula, na akiwa na alama za fimbo ambazo hazikutoka shuleni, ana wajibu ambao si wa hiari. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya mahali hapo. Kifungu cha 94 nacho kimeipa mamlaka hiyo jukumu la kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto waliomo katika eneo lake. Basi mwalimu huandika barua, au huenda mwenyewe kwa Mtendaji wa Mtaa. Kutoka hapo habari humfikia Afisa Ustawi wa Jamii. Jalada hufunguliwa, hupewa namba, kisha huwekwa juu ya majalada mengine.

Tangu saa hiyo, hatima ya mtoto haitegemei tena huruma ya mwalimu na maneno ya sheria peke yake. Hutegemea pia jambo ambalo ni wachache hulihesabu kuwa la kisayansi, nalo ni idadi ya majalada yaliyotangulia mezani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba idadi hiyo hufuata kanuni ya hesabu iliyo ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa sekondari, na kwamba kanuni hiyo hutoa jibu ambalo wengi hawalitarajii.

Kazi yenyewe

Katika Tanganyika, kazi ya ustawi wa jamii kama idara ya serikali ilianza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na walengwa wake wa kwanza walikuwa askari waliorudi kutoka vitani. Mwaka 1973 ilianzishwa kwa sheria Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, ambayo imewafundisha maafisa wengi wa fani hii nchini. Mtoto, ambaye mwanzoni hakuwa kiini cha kazi hiyo, leo ndiye anayejaza sehemu kubwa ya majalada.

Mashauri hayafanani. Liko la mama anayedai matunzo ya mtoto kwa baba aliyehamia mji mwingine, na liko la mtoto mchanga aliyeachwa mlangoni. Liko la kijana aliyekinzana na sheria, ambaye mahakama inasubiri taarifa ya uchunguzi wa kijamii kabla ya kutoa uamuzi. Liko la msichana aliyetendewa ukatili, ambaye hupaswa kusindikizwa polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, kisha hospitali, kisha mahakamani. Juu ya hayo, afisa huyohuyo hushughulikia wazee na watu wenye ulemavu, huhudhuria vikao, na huandika taarifa za kila robo mwaka. Kwa hiyo majalada 20 ya matunzo hayalingani uzito na majalada 20 ya ukatili, na ofisi inayohesabu idadi tu bila kupima uzito hujidanganya. Hata hivyo hapa itatumika idadi, kwa kuwa ndiyo njia nyepesi ya kuanzia.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2012, Manispaa ya Songea ilikuwa na watu takribani 203,000. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 280,000. Manispaa ina kata 21, Msamala ikiwa mojawapo, na hivyo kila kata ina wastani wa watu zaidi ya 13,000. Maadamu karibu nusu ya Watanzania wana umri wa chini ya miaka 18, kata moja ya wastani ina watoto wapatao 6,000. Mji umeongezeka kwa zaidi ya theluthi moja katika miaka kumi. Hapana budi kuuliza kama meza za ustawi nazo zimeongezeka kwa kiasi hicho.

Kanuni ya Little

Mwaka 1961 Mmarekani John Little alitoa uthibitisho wa kanuni ambayo wahandisi wa simu na wenye maduka walikuwa wakiitumia bila uthibitisho kamili. Kwa Kiswahili yaweza kuandikwa hivi:

M = N × T

M ni mzigo, yaani idadi ya mashauri yaliyo wazi kwa wakati mmoja. N ni idadi ya mashauri mapya yanayoingia kwa mwezi. T ni wastani wa miezi ambayo shauri hukaa wazi hadi kufungwa. Kanuni hii husimama pale ambapo hali ya ofisi haibadilikibadiliki, na haijali mashauri yanaingia kwa utaratibu gani. Mwanafunzi anaweza kuihakikisha kwa shule yake mwenyewe. Shule inayopokea wanafunzi 80 kila mwaka, kila mmoja akakaa miaka 4, itakuwa na wanafunzi 320. Hakuna ujanja wa mwalimu mkuu unaoweza kuibadili hesabu hiyo bila ya kugusa 80 au kugusa 4.

Sasa na ichukuliwe kata yenye ukubwa wa Msamala na afisa mmoja. Tarakimu zinazofuata ni za mfano wa darasani, wala hazikutolewa katika daftari la ofisi yoyote. Mashauri mapya ni 12 kwa mwezi, na kila shauri hukaa wazi miezi 5. Basi M ni 12 × 5, yaani majalada 60. Mwezi una takribani saa 176 za kazi. Zikitolewa saa za vikao, taarifa, mahakama na shughuli za wazee, tuseme zinabaki 90. Gawanya kwa 60: kila familia inapata saa moja na nusu kwa mwezi.

Ziara moja ya nyumbani haiishi kwa saa moja na nusu. Kuna mwendo wa kwenda na kurudi, na wakati wa mvua, ambazo Songea hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kuna njia zisizopitika kwa bodaboda na kuna kaya ambazo watu wazima wote wako shambani. Kuna kuketi na bibi au shangazi anayemlea mtoto, kuzungumza na jirani, kumwona mtoto mwenyewe bila mlezi kuwapo, kisha kuandika. Ziara hiyo ikihesabiwa kwa saa 3, kila familia itafikiwa mara moja katika miezi miwili. Kwa mtu mzima miezi miwili ni muda mfupi. Kwa mtoto wa miezi minane asiyelishwa ipasavyo, ni robo ya maisha yake yote.

Duara na namna ya kulivunja

Hadi hapa jambo laonekana la kawaida: majalada mengi, muda mchache. Lakini T si tarakimu iliyoteremka kutoka mbinguni. Shauri hukaa wazi miezi 5 kwa sababu hakuna anayelifuatilia. Baba anayedaiwa matunzo akijua kwamba hataulizwa tena hadi miezi miwili ipite, hana haraka. Shahidi husahau, mlezi mbadala aliyekubali jana hughairi leo. Hivyo mzigo mkubwa hurefusha T, na T ikirefuka huongeza mzigo.

Duara hilo hilo laweza kuzungushwa upande wa pili. Kata yetu ya mfano ikiongezewa afisa mmoja, kila mmoja atapokea mashauri 6 kwa mwezi. Mwanzoni, T ikiwa bado ni miezi 5, kila afisa atakuwa na majalada 30, na kila familia saa 3 kwa mwezi. Ziara ya kila mwezi sasa inawezekana. Ikiwa kwa ziara hizo mashauri huanza kumalizika kwa miezi 3 badala ya 5, mzigo wa kila afisa unakuwa 6 × 3, yaani 18. Maafisa wameongezeka mara mbili, lakini mzigo wa kila mmoja umeshuka kutoka 60 hadi 18, chini ya theluthi. Hili ndilo jibu lisilotarajiwa lililotajwa mwanzoni, na ndilo linalomponyoka mpangaji wa bajeti anayedhani kwamba nusu ya kazi huleta nusu ya mzigo.

Mtu aweza kusema: basi na yafungwe majalada haraka zaidi, bila kuongeza afisa. Hesabu inamkatalia. Shauri lililofungwa ovyo hurudi. Ikiwa nusu ya mashauri yanayofungwa hurejea, yale mapya 12 yanazaa 6 ya marudio, nayo 6 yanazaa 3, na kuendelea. Jumla ya mfululizo huo ni 24. Hata T ikiwa miezi 3 tu, M itakuwa 24 × 3, yaani 72, zaidi ya ile 60 ya awali. Ofisi itaonekana yenye bidii kwenye taarifa, na mtoto atakuwa amerudi palepale.

Ushahidi kutoka nje, na tahadhari

Tarehe 25 Februari 2000, Victoria Climbié, msichana wa miaka minane mzaliwa wa Côte d'Ivoire, alifariki London kutokana na mateso ya ndugu wa ukoo aliyekuwa mlezi wake na mwanamume aliyeishi naye. Taarifa ya uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, iliyotolewa Januari 2003, ilieleza kwamba afisa aliyekabidhiwa shauri hilo huko Haringey alikuwa na mashauri 19, ilhali mwongozo wa ofisi ileile uliweka kikomo cha 12. Alimwona mtoto mara nne tu, na kwa jumla muda huo haukufika nusu saa. Laming hakukubali kumtwisha afisa huyo lawama yote. Aliwageukia wakubwa waliogawa kazi na wasiosimamia. Kwa hiyo namba 19 si maelezo kamili ya msiba ule. Lakini msimamizi naye huwa na majalada yake.

Ushahidi wa pili unahitaji macho makali zaidi, na unafaa sana kwa darasa la takwimu. Utafiti wa mwaka 2005 huko Milwaukee, Marekani, uliwahusu watoto waliochukuliwa kutoka makwao na baadaye kupata makazi ya kudumu. Matokeo yake hunukuliwa hivi: mtoto aliyekuwa na afisa mmoja alipata makazi ya kudumu kwa asilimia 74.5, na aliyekuwa na maafisa wawili kwa asilimia 17.5 tu. Waliokuwa na watatu ni 5.2, wanne 2.2, watano 0.3, na sita au saba 0.1. Mwanafunzi azijumlishe. Zinakaribia 100! Maana yake ni kwamba hizo si nafasi za kufanikiwa za kila kundi, bali ni mgawanyo wa watoto waliokwisha kufanikiwa. Isitoshe, mtoto ambaye shauri lake liliisha upesi hakupata muda wa kukutana na afisa wa pili. Kipi basi ni chanzo na kipi ni tokeo? Kubadilishwa kwa maafisa humdhuru mtoto, hilo ni rahisi kuliamini, kwani kila afisa mpya humlazimisha aeleze tena yaliyompata. Lakini takwimu hii, jinsi inavyonukuliwa, haithibitishi ukubwa wa madhara hayo, na hoja njema haistahili kuegemezwa kwenye hesabu iliyosomwa vibaya.

Njia zilizojaribiwa nchini

Kuajiri afisa kwa kila kata ndiyo njia iliyonyooka, na ndiyo ghali. Tangu katikati ya miaka ya 2000, Taasisi ya Ustawi wa Jamii, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Illinois cha Chicago, iliandaa mafunzo ya wasaidizi wa ustawi wa jamii: watu wa mahali hapohapo, wanaojitolea, wanaoweza kutembelea kaya na kumpa afisa habari. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ulioanza mwaka 2017/18, uliweka kamati za ulinzi kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji. Kwa lugha ya kanuni yetu, msaidizi anayejua nyumba hupunguza T, na kamati inayosuluhisha ugomvi mdogo kabla haujakomaa hupunguza N.

Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni kamati kuyamaliza kifamilia mashauri ya jinai. Ubakaji hausuluhishwi kwa fidia ya mahindi au ng'ombe, na N inayopungua kwa njia hiyo ni N ya uongo. Wa pili ni wa kinyume. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wachache mno walikwenda kutafuta huduma. Kwa hiyo ofisi ikianza kuaminika, N itapanda. Mkuu wa idara atakayeona majalada yameongezeka mwaka baada ya kuongeza maafisa asikimbilie kusema kwamba fedha zimepotea.

Mazoezi

Katika kata ya mfano, afisa mmoja anasaidiwa na wasaidizi wanne, na T inashuka kutoka miezi 5 hadi 4, lakini kwa kuwa watu sasa wanatoa taarifa zaidi, N inapanda kutoka 12 hadi 15. Tafuta M, kisha eleza kwa maneno kama hali ya watoto imekuwa bora au mbaya kuliko mwanzo.

Robo ya mashauri yanayofungwa hurudi. Ikiwa mapya ni 12 kwa mwezi na T ni miezi 3, tafuta jumla ya mfululizo na mzigo wa afisa. Kisha tafuta ni sehemu gani ya mashauri ikirudi ndipo mzigo hufika 60.

Mwalimu wa darasa la wanafunzi 45 ana dakika 40 za kipindi. Tafuta sekunde anazoweza kumpa kila mmoja, na ueleze kwa nini alichelewa kuziona alama za fimbo.